Nilivyokuwa Mwonjaji wa Dani

Hapa Migori ninapokaa siku hizi, karibu na kibanda changu cha cherehani, kuna mama anayeuza sukari nguru. Huja nayo imefungwa kwa majani makavu ya miwa, mabonge ya rangi ya udongo ulionyeshewa, na akishapata mteja huchukua nyundo ndogo akaivunja. Pa! Harufu inatoka. Sukari nyeupe haina harufu, ni kama mtu asiye na kwao. Hii ina moshi ndani yake, ina miwa iliyochemka, ina kitu kidogo kama mandazi yaliyoungua pembeni. Nikiisikia, mguu wangu unaacha kukanyaga cherehani wenyewe. Wateja wakiniona nimetulia, sindano iko juu, wanadhani namuwaza mchumba. Wacha wadhani. Mimi niko Ndhiwa, nina miaka kumi na mitatu, nimesimama nyuma ya jikoni na mdomo wazi, nangojea kijiko.

Kijiko chenyewe kilikuwa cha Dani. Dani ni nyanya kwa Kiluo, na huyo ndiye aliyenilea tangu mama yangu alipoolewa mara ya pili huko Sindo, kwa mume ambaye hakutaka mtoto wa mwenzake. Msinihurumie, nililelewa vizuri. Dani alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, mwenye sauti ya kuitia ng'ombe, na alikuwa Msabato wa kweli kweli. Ijumaa jua likianza kuteremka, kwetu hata ufagio ulipumzika. Hakula nguruwe, hakula kambare kwa vile hana magamba, hakunywa chai ya majani, na pombe haikuwahi kugusa ulimi wake tangu siku aliyobatizwa mtoni.

Sasa, Dani huyo huyo ndiye aliyekuwa mpishi wa chang'aa, ile pombe kali ya sukari nguru, aliyesifiwa kutoka sokoni Ndhiwa mpaka mashamba ya miwa yanakoishia.

Najua mnacheka. Chekeni, mimi pia nacheka. Lakini pale nyumbani hatukuona ajabu. Babu alipokufa shamba lilikwenda na ndugu zake, Dani akabaki na boma, ng'ombe mmoja mwenye kikohozi, na mimi. Sukari nguru ilikuwa inatengenezwa kwa jirani, wakata miwa walikuwa na kiu, na mimi nilitakiwa kusoma. "Kupika si kunywa," Dani alikuwa akisema, na akisema hivyo aliangalia juu kidogo, kama mtu anayemkumbusha mwenzake jambo walilokubaliana.

Shida ilikuwa moja tu. Mpishi lazima aonje. Kiberiti kinaweza kukuambia kama kitu kinawaka. Hakiwezi kukuambia kama kimeungua, au kama kimeshika ladha ya kutu, au kama kina ule uchungu mbaya wa pembeni ya ulimi ambao ukiusikia unamwaga yote bila kuuliza. Kwa hiyo kila asubuhi ya kupika, kabla sijavaa sweta ya shule, Dani aliniita nyuma ya jikoni.

"Fungua."

Nilionja, nikangoja kidogo, nikasema: "Iko sawa." Au, "Imeungua." Au, "Mwaga." Na Dani alinisikiliza! Mtu mzima, mama wa kanisa, aliyewafokea hata mashemeji zake, alimwaga jasho la siku nzima kwa neno la mtoto. Pimeni wenyewe utamu wa jambo hilo kwa msichana ambaye darasani alikuwa wa thelathini na tano kati ya arobaini na wawili. Wakata miwa walinijua. "Ulimi huyo anapita," walisema, nami nikapita shingo juu kama nimepewa cheo na serikali.

Nilianza nikiwa na miaka kumi na mmoja, kijiko kimoja. Baadaye vikawa viwili, kwa sababu nilimwambia Dani kile cha kwanza hakijanieleza vizuri. Halafu zikaja siku ambazo Dani hakupika, na siku hizo nikawa mtu mbaya. Nilimpiga ndama bila kosa. Nilimjibu mwalimu. Mikono yangu ilikuwa inatafuta kitu cha kushika na haikipati. Sikujua ni nini. Mimi nilidhani ulevi ni kuanguka mtaroni na kuimba, kama Ogwang' mkata miwa, mteja wetu mkubwa, alivyofanya kila mwisho wa wiki. Mimi sikuwahi kuanguka mtaroni. Mimi nilikuwa nafanya kazi. Njiani nilitafuna majani ya mpera ili mdomo usinuke, lakini hata hilo nililiona kama kupiga mswaki tu.

Mwaka nilipoingia darasa la saba tukapata Madam Boke. Alikuwa Mkuria kutoka upande wa Kehancha, mfupi, ameviringana vizuri, hajui Kiluo hata cha kununulia mboga, kwa hiyo mambo yote tulizungumza naye kwa Kiswahili, na hapo ndipo nilipokipenda Kiswahili. Siku ya kwanza alituambia kwamba kaka yake aliharibika na bangi akiwa na umri kama wetu. Alisema hivyo tu, akafungua kitabu cha hesabu.

Muhula ule watu fulani wa mradi walikuwa wamekuja na gari jeupe, wakafundisha walimu wachache kwa wiki moja, wakaenda zao wakaacha picha za kubandika ukutani: mtoto amesimama kwa mguu mmoja, mtoto amejikunja kama paka, mtoto amelala chali. Madam Boke alituambia hiyo ndiyo yoga, na kwamba itatusaidia watoto wa umri wetu tusiingie kwenye bangi, tumbaku na pombe. Tukaangaliana. Nyuma yangu aliketi Odipo, mvulana ambaye mdomo wake haukuwa na mlango.

"Madam, sasa mtu akikupea bangi, unasimama na mguu moja?"

Darasa likavunjika. Madam Boke naye alicheka mpaka akafuta macho. "Ndiyo, Odipo. Na ukisimama dakika mbili bila kuanguka, ukiangalia hivi, huyo mwenye bangi atakuwa ameona wewe ni wazimu na ameenda."

Ikawa kila Jumanne na Alhamisi saa nne asubuhi tunatoka uwanjani. Mikeka hatukuwa nayo, lakini kwetu magunia ya sukari hayakosekani, kila mtu akaja na lake. Kumbe gunia la sukari hata likifuliwa mara tatu, sisimizi wanajua. Ukilala chali unawasikia wanapanda shingoni mmoja mmoja, wanazunguka sikio kama wanatafuta ofisi, nawe umeambiwa usitikisike. Mimi nasema sisimizi wale walitufunza uvumilivu kuliko picha za ukutani. Mikao yenyewe tuliibatiza majina yetu. Kulikuwa na paka mwenye njaa, kulikuwa na mamba, kulikuwa na mama anayetafuta sindano, na ule wa mwisho, wa kulala, tuliuita gunia.

Mimi nilikuwa mbovu kuliko wote. Ukisimama kwa mguu mmoja unataka mwili uliotulia, na wangu ulitetemeka kama bati la boda boda. Lakini kibaya zaidi kilikuwa pumzi. Tuliambiwa tuvute hewa kwa pua, polepole, halafu tuitoe yote kwa mdomo, haaa, kwa nguvu. Nani atoe? Niliogopa harufu. Nilivuta, nikafunga mdomo, nikabaki nimevimba mashavu.

Madam Boke akapita kati ya magunia, akasimama juu yangu. "Akoth, unavuta tu, hutoi. Hiyo hewa unamwekea nani?"

Wenzangu wakacheka, lakini yeye hakucheka. Aliniangalia muda mrefu kidogo. Siku iliyofuata alinihamisha gunia, akaniweka mwisho kabisa wa mstari, upande ambao upepo unaenda, na hakuniambia kwa nini. Huko mwisho nikaanza kutoa pumzi. Kidogo, halafu nyingi. Na siku moja, sikumbuki ilikuwa wiki ya ngapi, nikiwa nimelala gunia, ule ukimya ukanishika. Ilikuwa kama joto la kijiko, lile la kwanza, linaloteremka kifuani na kukuambia kila kitu kiko sawa. Ila hili halikuteremka. Lilipanda. Na lilipoisha halikuniacha na hasira. Nililala pale nikaota duka langu la nguo, lina kioo, lina feni. Mimi nimekuwa mtu wa ndoto tangu zamani.

Nikaenda nyumbani nikamsimulia Dani habari za yoga. Kosa! Dani alikuwa ameshasikia kwa kina mama wa kanisa kwamba huko shuleni watoto wanainamia jua. Alikuwa anachochea moto chini ya pipa, mwiko mkononi, moshi wa chang'aa unamzunguka kichwa.

"Sikiliza, nyakwara," akasema. Nyakwara ni mjukuu wangu. "Katika boma hili hatuabudu miungu ya kigeni. Mimi sitaki dhambi nyumbani kwangu."

Akasema hivyo, akageuka kupokea matone kwenye chupa.

Nikamwambia tumeacha. Nikamwambia lile gunia ni la kubebea takataka. Kwa hiyo kuanzia hapo nikawa na siri mbili: Madam Boke asijue kijiko, Dani asijue gunia. Na zote mbili zilikuwa ndani ya mwili mmoja, kila Jumanne na kila Alhamisi.

Madam Boke alikuwa ametufunza jambo moja la kubeba nyumbani. Alisema ukitaka kitu mpaka mkono unakutangulia, usikikatalie kwanza. Vuta pumzi kumi, toa kumi, halafu ujiulize tena. Basi asubuhi moja Dani akanipa kijiko, akainama kuangalia moto, nami nikabaki nimekishika. Moja. Mbili. Mate yalikuwa yamejaa mdomoni. Ilipofika sita nilitaka kulia. Ilipofika kumi nikajiuliza tena, na jibu lilikuwa ndiyo, nakitaka. Wasomaji wangu, nisiwadanganye. Nilikitaka kuliko chakula. Lakini kwa kuwa nilikuwa nimeweza kungoja kumi, nikawaza labda naweza kungoja kumi nyingine, na katika hizo kumi nyingine mkono wangu ukageuka, ukamwaga kwenye majivu. Tss.

"Iko vipi?" Dani akauliza bila kugeuka.

"Iko sawa."

Nikaenda shule natetemeka kama mwenye malaria. Jasho, kichwa, hasira; nilimpiga Odipo kwa rula kwa sababu alipumua. Lakini nilifika jioni. Na asubuhi ya kupika iliyofuata nikamwaga tena. Ikawa hivyo karibu mwezi. Siku nyingine nilisema "Imeungua kidogo" ili Dani asishangae kwa nini amekuwa fundi ghafla, na maskini akamwaga chang'aa nzuri bure. Mimi nilijiona mjanja na mtakatifu kwa pamoja. Sikufikiria hata siku moja kwamba ulimi ule haukuwa wangu peke yangu, kwamba kuna watu waliokuwa wanakunywa kwa kuuamini.

Dani akanunua pipa jipya. Lilikuwa zuri, halina kutu, alilipata kwa mtu wa upande wa mashamba ya tumbaku. Aliliosha kwa majivu, akalisuuza, akaliamini. Tulikuja kujua baadaye kwamba lilikuwa limewekewa dawa ya kunyunyizia tumbaku. Alhamisi moja asubuhi akapikia ndani yake kwa mara ya kwanza, akanipa kijiko, nami nikahesabu zangu kumi, nikamwaga kwenye majivu, nikasema kama kawaida: "Iko sawa, Dani." Nikachukua gunia langu nikakimbia.

Saa tatu Ogwang' akaja na kiu yake ya asubuhi, akanywa gilasi moja. Kabla ya saa nne alikuwa amejikunja nje ya jikoni anatapika, akisema haoni vizuri, anaona ukungu. Vijana wakampakia kwenye boda boda wakampeleka hospitali. Na Dani akabaki amesimama na ile gilasi mkononi, akakumbuka ni nani alikuwa wa kwanza kuonja.

Hakufunga mlango. Hakuvaa viatu. Kutoka kwetu mpaka shuleni ni mwendo wa nusu saa. Watu waliomwona wanasema alikwenda kama anayefukuzwa na nyuki.

Sasa mjue sisi tulikuwa wapi. Tulikuwa tumefika gunia. Watoto arobaini na wawili, tumelala chali kwa mistari, mikono imeachwa pembeni, macho yamefungwa, nyuso zimeelekea mbinguni. Na wiki iliyopita mbuzi alikuwa amepita katikati yetu, tukafungua macho tukacheka, mazoezi yakaharibika, ndipo Madam Boke akaweka sheria: litakalopita na lipite, sauti yoyote mtakayoisikia iacheni iende, na atakayefungua macho atafagia darasa mpaka mwisho wa mwezi.

Dani akatokea kwenye ua wa shule. Akaona.

Nduru ya Kiluo, kama hujawahi kuisikia, siwezi kukuandikia. Inaanzia chini tumboni na inapopita watu hudondosha walichoshika. Wakimbiao hukimbia kwanza, wakauliza njiani. "Uuuwi! Uuuwi, Nyasacha! Uuuwi, watoto!" Nyasacha ni Mungu wangu. Mimi nililala pale nikaijua sauti ile kabla haijamaliza neno la kwanza. Na watoto arobaini na wawili, kwa utii ambao shule ile haijawahi kuuona tena, hakuna aliyetikisika.

Hilo ndilo lililommaliza Dani. Amepiga nduru na hakuna hata mtoto mmoja aliyeinua kichwa. Akakimbia kati ya mistari akitafuta sweta yangu, akafika mwisho kule, akaanguka juu yangu mzima mzima, na moshi wake, na mifupa yake, akalia kwa Kiluo maneno ambayo wote waliyasikia. Wote isipokuwa Madam Boke, aliyekuwa amesimama mbele na mikono kichwani.

"Huyu mama anasema nini? Jamani, anasema nini?"

Ikasikika sauti ya Odipo, kutoka kwenye gunia lake, tulivu, macho yamefungwa barabara.

"Madam, huyo ni dani ya Akoth. Anasema amemuua."

"Amemuua na nini?"

"Na kijiko, Madam."

Madam Boke akashusha mikono, Odipo akaendelea.

"Kijiko ya chang'aa. Anasema Ogwang' amekunywa ya leo, sasa haoni vizuri, amepelekwa hospitali. Anasema alikuwa anamwonjesha kila asubuhi. Anasema alijua, kila asubuhi alijua, lakini hakuacha. Madam, naweza kufungua macho?"

Mimi nilikuwa nayasikia yote mara mbili, kwa Kiluo sikioni na kwa Kiswahili kutoka kwa Odipo. Ningeweza kufungua macho mapema. Nilichelewa. Sijui kama ni woga, au ni kwamba hakuna mtu aliyewahi kunililia, nikataka kusikia mpaka mwisho. Nilipoona anaanza kuvuta nywele zake ndipo nikasema, "Dani, niko hai."

Akaniangalia. Akanishika kidevu, akanigeuza uso huku na huku. Halafu akanichapa kofi moja, kofi safi, la kutoka bega. "Unalala nini mchana?" Halafu akanikumbatia mpaka nikakosa hewa.

Kufikia hapo uwanja ulikuwa umejaa. Kina mama wa sokoni, fundi wa baiskeli na spana yake, mwalimu mkuu na chaki sikioni, kila mmoja anainua mtoto kumwangalia usoni na kumwachilia. Madam Boke aliwafukuza wote kama kuku. Akabaki na sisi wawili. Dani alikuwa anahema vibaya, kifua kinapanda na hakishuki, midomo imebadilika rangi. Madam Boke akamkalisha juu ya gunia langu, akapiga magoti mbele yake, akamwonyesha kwa mikono kwa sababu lugha hawakuwa nayo pamoja: ingiza, toa. Ingiza, toa. Dani akafuata. Alikuwa hana la kufanya, alitaka hewa. Mara kumi, nikihesabu mimi. Hivyo ndivyo nyanya yangu Msabato alivyofanya yoga mara ya kwanza na ya mwisho, na mpaka anazikwa hakuna aliyethubutu kumwambia ile ilikuwa nini.

Alipopata sauti nikamwambia. "Dani, sikuonja. Leo sikuonja. Nimekuwa namwaga."

"Tangu lini?"

"Karibu mwezi."

Aliangalia mikono yake. "Kwa hiyo Ogwang' ndiye aliyeonja," akasema.

Ogwang' hakufa. Aliona ukungu siku tatu, ya nne akaona jua, ya tano akatuma watu waulize kama gilasi yake bado iko. Nilikwenda hospitali kumwomba msamaha, nimeshika machungwa mawili, nikamwambia mimi ndiye niliyesema iko sawa. Alinitazama kwa macho mekundu akasema, "Mtoto, na ulimi wangu mwenyewe ulikuwa wapi?" Nikamwekea machungwa kitandani. Najua tu kwamba nilijiokoa kimya kimya na mtu mwingine akalipia ukimya wangu, na hilo huwa silitoi kwenye hadithi hii hata kama ingependeza zaidi bila yake.

Dani hakupika tena. Pipa lile tulilizika. Alianza kuuza sukari nguru yenyewe na njugu sokoni, na njugu hazina wateja kama chang'aa. Mwalimu mkuu alimwita, akaja amevaa nguo ya kanisani, akasikiliza maneno yote bila kujitetea. Kanisani alikaa benchi la nyuma mwaka mzima. Mimi nikaendelea na magunia mpaka darasa la nane, wazi wazi sasa, na mwezi wa pili ulikuwa mgumu kuliko wa kwanza, na wa tatu nikaanza kusimama kwa mguu mmoja. Si wote walisimama. Wawili wa mstari wetu bangi iliwachukua kabla hawajamaliza shule, na walikuwa wanajua mikao yote. Sekondari niliishia kidato cha pili, njugu ziliposhindwa kulipa karo. Watu wakisikia hivyo husikitika, huniambia chang'aa ingenifikisha mbali. Huenda. Nami nawaangalia tu nikiendelea kukunja pindo.

Lakini kuna jambo nimelielewa juzi tu, nikiwa mtu mzima, na ndilo lililonifanya niandike.

Jirani yangu hapa Migori ana mtoto wa darasa la tano mwenye kifafa. Kila asubuhi mtoto anaenda shule na wenzake, na mama anatoka nyuma yao kwa mbali, na mtungi mtupu mkononi. Siku moja nikamwuliza kwa utani, "Mama Rehema, si mfereji uko upande ule mwingine?" Hakusimama. Akasema, "Najua," akaendelea kutembea, macho kwa yule mtoto.

Nikakaa kwenye kiti changu, nikamwona Dani. Asubuhi zote za kijiko, nilipokuwa nashika njia ya shule, Dani alikuwa anatoka nyuma yangu. Alisema anaenda kuokota kuni. Alikuja mpaka kwenye mikalitusi ya njiani, hatua hamsini nyuma, na nikigeuka alinipungia mkono kwa ukali, nenda, nenda, utachelewa. Mimi nilikuwa naona aibu, nikaongeza mwendo. Alisimama pale mpaka nikakata kona.

Maneno yale aliyoyalia uwanjani hakuyatunga uwanjani. Alikuwa amekuja nayo miaka miwili, kila asubuhi, mpaka kwenye mikalitusi, akiangalia kama miguu yangu inakwenda sawa. Halafu alirudi nyumbani akawasha moto. Na kuni zetu, sasa nakumbuka, zilikuwa zinaletwa na mkokoteni. Sikuwahi kumwona Dani akirudi na hata ukuni mmoja.